Kusukutua mafuta ya nazi bila kupaliwa wala kujidanganya

Kusukutua mafuta ni kutia kijiko cha mafuta ya kula kinywani, kuyapitisha huku na huku baina ya meno kwa dakika kadhaa, kisha kuyatema yote. Asili yake ni Uhindi. Vitabu vya Ayurveda, tiba ya jadi ya huko, vinataja namna mbili: kavala, ambapo mafuta ni machache na huzungushwa, na gandusha, ambapo kinywa hujazwa mpaka mashavu yakavimba, mafuta yakakaa humo yametulia. Wanachofanya watu wengi leo ni kavala, na ndiyo inayoelezwa hapa. Mkaazi wa Lamu hana haja ya kuagiza chupa ya bei kutoka mbali. Nazi zipo, simsim hulimwa bara upande wa Mpeketoni na Witu, na mafuta yake ndiyo ambayo wazee wa pwani huyaita mafuta ya uto.

Jambo moja lisemwe mapema, maana kutoambiwa kunaweza kumgharimu mtu meno yake. Mafuta ni nyongeza. Hayachukui nafasi ya mswaki na dawa ya meno yenye floridi. Chama cha madaktari wa meno cha Marekani hakipendekezi kusukutua mafuta kama njia ya kusafisha meno, kwa sababu hakuna utafiti wa kutegemewa unaoonyesha kwamba yanazuia meno kutoboka au yanayafanya meupe. Majaribio madogo yaliyofanywa India yameona ukoga wa meno ukipungua na fizi zikipoa uvimbe kwa watu waliosukutua kila siku. Huo ndio ukubwa wa faida yake: kinywa laini, harufu kupungua, fizi kutulia kidogo. Anayekuahidi kuwa mafuta yataponya kisukari, kichwa au baridi yabisi kupitia kinywani, usimsikilize.

Weupe unaotemwa si sumu

Mafuta ya nazi huingia kinywani yakiwa maji angavu. Dakika ya tatu hivi huanza kuwa mepesi, mdomo unajaa, na ukiyatema kwenye kikombe cha kioo utaona kitu cheupe chenye povu kama tui la kwanza. Watu huambiwa kwamba huo ndio uchafu wa mwili uliovutwa nje. Sivyo. Ni mate. Mate yana maji, chumvichumvi na protini, na yakipigwapigwa pamoja na mafuta hugawanya mafuta kuwa matone madogo mno yanayoelea ndani ya maji. Matone hayo yakirudisha mwanga, jicho linaona weupe. Ndivyo lilivyo tui lenyewe, na ndivyo yalivyo maziwa. Mtoto mchanga asiye na jino hata moja angeweza kutoa weupe uleule.

Kwa hiyo rangi si kipimo cha usafi, ila inakusaidia kwa jambo jingine. Ukitema baada ya dakika kumi na mafuta bado ni angavu, basi ama ulikuwa umeyashika tu bila kuyazungusha, ama mate yako ni machache. Mate machache ni jambo la kufuatilia. Dawa za shinikizo la damu, dawa za mzio na miraa hukausha kinywa, na kinywa kikavu hutoboka meno haraka.

Kazi halisi inafanywa na mambo mawili. La kwanza ni mwendo wenyewe: kioevu kinachosukumwa baina ya meno hutikisa ukoga mpya, ule utando laini unaoweza kukwangua kwa ukucha. La pili ni kwamba karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, ambayo katika maabara huzuia baadhi ya vijidudu vya kinywani. Ukoga uliokwisha kuganda ukawa jiwe la manjano au jeusi nyuma ya meno ya chini hautoki kwa mafuta hata usukutue mwaka mzima. Huo hukwanguliwa na daktari wa meno kwa chombo. Madoa ya tambuu ni vivyo hivyo.

Kuchagua mafuta

Chukua mafuta ya nazi au ya simsim yanayoliwa. Chupa nyingi dukani zenye picha ya nazi ni mafuta ya nywele: yametiwa manukato, na mengine yamechanganywa na mafuta ya parafini yatokanayo na petroli. Hayo hayafai kuingia kinywani. Soma nyuma ya chupa. Kama kuna kitu kingine chochote zaidi ya nazi, irudishe.

Kwa mafuta ya kununua kwa kipimo, bila karatasi, kuna jaribio rahisi. Mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Tia kiasi kidogo kwenye gilasi, weka ndani ya friji saa mbili. Yakiganda yote yakawa meupe kama samli, ni dalili njema. Kukibaki maji ya mafuta yanayoelea juu au pembeni, yamechanganywa na kitu. (Kwa sababu hiyohiyo, asubuhi za kusi mwezi wa Julai unaweza kukuta chupa imefanya ukungu au uji. Hayajaharibika. Shika chupa viganjani dakika mbili au iweke kwenye maji ya vuguvugu.)

Mafuta yaliyochacha yanajulikana kwa pua: yana harufu ya nazi kuukuu au ya sabuni, na ukionja yanakwaruza koo. Yamwage.

Simsim ni nzuri pia, na ndiyo iliyotumika katika majaribio mengi ya India. Tumia ile iliyokamuliwa mbichi, yenye rangi ya manjano hafifu. Ile ya mbegu zilizokaangwa ni nyeusinyeusi na harufu yake kali huleta kichefuchefu asubuhi. Aliyewahi kuvimba midomo au kutokwa na vipele kwa kula simsim asiiguse kabisa.

Kujitengenezea nyumbani

Mafuta ya kupika mwenyewe ndiyo yenye uhakika kuliko yote. Nazi nne kavu, zilizokomaa vizuri, hutoa kwa kawaida kati ya mililita 200 na 300. Ukitumia mililita 10 kwa siku, hayo ni ya wiki tatu au nne.

Tikisa kila nazi kabla ya kuivunja. Isiyo na maji ndani mara nyingi imeoza au imefanya ufa. Ikune kwa mbuzi, usifike kwenye ngozi ya kahawia inayogusana na kifuu. Mimina vikombe viwili vya maji ya vuguvugu, fikicha dakika tano, kamua kwa kifumbu au kitambaa safi. Rudia mara moja kwa kikombe kimoja. Tui la tatu acha, ni maji tu. Weka tui kwenye mtungi au bakuli refu mahali pa baridi usiku kucha, ukiwa umelifunika. Asubuhi utakuta limejigawa: juu ukoko mzito mweupe, chini maji ya kijivujivu. Engua ukoko, maji yamwage.

Tia ukoko kwenye sufuria nzito juu ya makaa machache. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo simama hapo hapo. Mwanzo litachemka kwa kelele kama uji. Baada ya nusu saa hivi litakatika: vitonge vyeupe vitajitenga na mafuta yataonekana pembeni. Endelea kukoroga ili vitonge visishike chini. Sikiliza sauti. Madamu kuna maji ndani, sufuria inatokota na kurusha. Maji yakikaribia kwisha, sauti inashuka, inakuwa mchakato mwembamba kama mvua ya rasharasha kwenye makuti. Vitonge vikifika rangi ya hamri iliyoiva kidogo, epua mara moja, kwani sufuria nzito inaendelea kupika hata ikiwa chini. Ukingoja viwe vyeusi, mafuta yatanuka kuungua na harufu hiyo haiondoki. Ukiepua mapema kelele ikiwa bado kubwa, maji yamebaki ndani, na mafuta yatachacha ndani ya siku chache.

Chuja yakiwa ya moto wa wastani kwa kitambaa kikavu kabisa. Tia kwenye chupa ya kioo iliyooshwa na kukaushwa juani. Usifunge kifuniko mpaka yapoe, maana mvuke utageuka matone ya maji chini ya kifuniko na kudondokea ndani. Yakiwekwa gizani, na kijiko kinachoingia kikiwa kikavu kila mara, hukaa miezi miwili bila shida.

Namna ya kusukutua

Wakati mzuri ni asubuhi kabla ya chai na mahamri. Tumbo likiwa tupu, kichefuchefu hakipati kitu cha kupandisha. Kama kinywa ni kikavu, kunywa mafunda mawili ya maji kwanza.

Toa meno ya bandia yanayovuliwa. Kama una jino linalotikisika sana, acha zoezi hili mpaka umwone daktari.

Anza na kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5. Vitabu na video nyingi husema kijiko cha mezani, mililita 15, na ndiyo sababu kubwa ya watu kushindwa siku ya kwanza. Mafuta huongezeka kwa mate; kilichoingia kijiko kimoja kinatoka kama mafunda mawili. Wiki ya pili panda mpaka vijiko viwili vya chai ukitaka. Zaidi ya hapo hakuna faida, mashavu tu ndiyo yanayojaa.

Keti au simama wima, kidevu kikielekea chini kidogo kama mtu anayesoma kitabu mapajani. Usilale, usiinue uso juu, na usigogomoe kooni kama unavyofanya na maji ya chumvi. Pumua kwa pua. Kama mafua yameziba pua siku hiyo, acha. Mtu asiyeweza kupumua kwa pua atafungua mdomo kwa ghafla na kuvuta mafuta ndani pamoja na hewa.

Sasa funga midomo bila kuikaza na uyasukume mafuta kwa ulimi na mashavu. Yapeleke shavu la kulia hesabu kumi, la kushoto hesabu kumi, kisha mbele, nyuma ya mdomo wa juu, halafu nyuma ya mdomo wa chini. Yavute yapite baina ya meno, utasikia ubaridi mdogo kwenye mianya. Mahali panaposahaulika ni upande wa nje wa magego ya juu, kule shavu linakobana. Fungua taya kidogo ndani ya midomo iliyofungwa ili pawe na nafasi. Mwendo uwe wa polepole. Anayepiga kwa nguvu kama anaosha chupa ataumwa na taya kabla ya dakika ya nne.

Siku tatu za kwanza dakika tatu hadi tano zinatosha. Ongeza dakika moja moja mpaka kumi. Dakika 20 zinazotajwa kila mahali ni desturi, na kama taya lako linaziweza si haramu, ila mtu wa dakika kumi kila siku atapata zaidi kuliko wa dakika 20 mara moja kwa wiki. Weka saa ya simu. Usizungumze, usipande ngazi, usijibu anayepiga hodi: tema kwanza, ndipo umwitikie.

Kutema

Tema yote, hata kama umefika katikati na umechoka. Usimeze. Kumeza kidogo kwa bahati mbaya hakuui mtu, kunaweza tu kulegeza tumbo, lakini hakuna sababu ya kurudisha tumboni ukoga uliokwisha kuung'oa.

Usitemee kwenye sinki wala tundu la choo. Mafuta ya nazi yakikutana na maji baridi ndani ya bomba huganda ukutani mwake, siku baada ya siku, mpaka maji yanarudi juu. Katika nyumba za kale za Lamu kuna jambo la kuangalia zaidi: birika la maji lililo chooni. Tone moja la mafuta hutanda juu ya maji yote kwa utando mwembamba unaong'aa, na wale samaki wadogo waliowekwa kula viluwiluwi vya mbu hutegemea uso wa maji ulio safi. Simama mbali na birika, na usichote maji kwa kata yenye mkono wa mafuta. Mitaro ya vichochoroni nayo si mahali pake. Inapita mlangoni kwa jirani kabla ya kufika baharini.

Njia safi ni kopo kuukuu lenye kifuniko, lililotiwa majivu ya jikoni au makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Temea humo. Majivu yananyonya mafuta. Kopo likijaa nusu, mimina kwenye taka zinazokusanywa. Wa safarini atemee kwenye karatasi laini na aitupe pipani.

Baada ya kutema, sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa gilasi moja ya mililita 250. Tema, rudia mara moja. Chumvi inakata ute uliobaki nyuma ya ulimi. Kisha piga mswaki dakika mbili kwa dawa yenye floridi, kati ya sehemu 1,000 na 1,500 kwa milioni. Namba hiyo imeandikwa kwenye tyubu. Mafuta hayana floridi hata chembe, na floridi ndiyo inayolirudishia gamba la jino madini yaliyotolewa na sukari ya chai. Usiku kabla ya kulala piga mswaki tena, hata kama asubuhi ulisukutua.

Wanaotumia mswaki wa mti waendelee nao. Ukate kipande cha unene wa kidole cha mwisho, menya gome sentimita moja, tafuna mpaka nyuzi zifunguke kama brashi, na usugue kutoka kwenye ufizi kwenda kwenye ncha ya jino. Nyuzi zikilegea na kupoteza ule ukali wake, kata na umenye upya. Lakini usiku tumia dawa ya floridi.

Yanayoharibika

Kupaliwa ndilo kubwa. Maji yakienda njia ya hewa, kikohozi huyarudisha mara moja. Mafuta ni laini, hayachokozi koo kama maji, na yanaweza kuteremka mapafuni bila mtu kukohoa sana. Pafu haliwezi kuyayeyusha; hukaa humo, yakaleta uvimbe unaoitwa nimonia ya mafuta. Imewahi kutokea kwa watu waliosukutua mafuta kila siku. Ukianza kukohoa katikati ya zoezi, inama mbele, tema yote, usijaribu kuyazuia mdomoni. Kikohozi kikiendelea siku kadhaa, au kifua kikabana, nenda hospitali na umwambie daktari wazi kwamba unasukutua mafuta. Asipoambiwa, hana namna ya kulifikiria.

Kichefuchefu mara nyingi ni kwa sababu mafuta yamefika nyuma ya ulimi. Punguza kiasi, shusha kidevu. Taya likiuma karibu na sikio, pumzika siku mbili na urudi na dakika tatu. Likilialia au kukwama unapofungua mdomo, zoezi hili si lako.

Usiongeze vitu. Maji ya ndimu hula gamba la jino, na gamba halioti tena. Mafuta ya karafuu bila kuzimuliwa huunguza ufizi ukawa mweupe na kuchubuka. Mkaa wa kusagwa hukwaruza.

Watoto wasiojua kutema kwa uhakika wasifanye. Mjaribu mtoto kwa maji: mpe funda, mwambie azungushe hesabu 30 na ateme kikombeni. Akimeza hata kidogo, bado. Pia wasifanye zoezi hili wazee waliopata kiharusi au wanaopaliwa na chai, wenye kifafa, na yeyote aliyetoka kung'oa jino, mpaka kidonda kifunge.

Mwezi wa Ramadhani lisogeze zoezi usiku, baada ya tarawehe, ukiwa umepita angalau nusu saa tangu ulipokula. Mchana wa funga usilifanye. Mafuta yanapenya na ni vigumu kuhakikisha hakuna kilichoteremka, na mtu hana haja ya kuitia funga yake mashakani kwa jambo linaloweza kungoja magharibi.

Kujua kama inakufaa

Siku ya kwanza, kabla ya kuanza, piga mswaki na uhesabu mahali ambapo ufizi umetoa damu. Andika. Rudia siku ya saba na ya kumi na nne. Fizi zilizokuwa zimevimba kwa ukoga tu hupungua damu ndani ya wiki mbili za usafi wa kweli, mswaki na mafuta pamoja. Zikiwa bado zinatoka damu vilevile siku ya kumi na nne, kuna ukoga ulioganda chini ya ufizi, au kuna ugonjwa mwingine, na mafuta hayatafika huko.

Usingoje hata siku hizo 14 kama kuna usaha, shavu lililovimba, homa, jino lililolegea ghafla, au maumivu yanayokuamsha usiku. Jino lililotoboka halijazwi na mafuta. Yanaweza kulituliza siku mbili tatu, na hizo siku mbili tatu ndizo ambazo tundu linatumia kufika kwenye mshipa. Kabla ya kwenda kwa daktari wa meno, kumbuka mambo matatu utakayoulizwa: ni jino lipi, limeanza lini, na linauma kwa baridi, kwa moto, au wakati wa kutafuna.